Kinacholia Sicho Kinachoumwa

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi iliyopita, hapa Unguja, mbele ya mafundi na wanafunzi wa skuli. Walioshindwa kufika wameniomba niyaandike yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Assalamu alaykum wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkichoka mtoke kimya kimya. Nakuoneni.

Mezani hapa kuna vitu vitatu. Hiki cha rangi ya chai ya maziwa iliyopoa ni kompyuta, Commodore 64. Ilionyeshwa mara ya kwanza Las Vegas, Januari 1982, ikaingia madukani Agosti mwaka huo kwa dola 595. Wajerumani waliiita sanduku la mkate, na ukiitazama utawaelewa. Hiki cha pili, kizito kama kinu, ni draivu yake, 1541, ya kusoma flopi za inchi tano na robo. Na hili tofali jeusi lenye waya ndilo linaloipa umeme. Likumbukeni hili tofali.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Mwaka 1986 alivileta vyote vitatu kutoka Hamburg, kavizungushia mablanketi. Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990, basi kioo cha kuchomekea kilikuwapo sebuleni. Mie nilikuwa na miaka tisa. Nilikatazwa kuigusa, na niliigusa.

Ami alipofariki, mashine ikapanda juu ya kabati. Ikakaa huko miaka mingi mpaka siku niliyopata moyo wa kuishusha.

Asubuhi hii, nikiteremsha mizigo, kijana mmoja kaniuliza: "Fundi, kitu hiki ya nini leo?" Swali zuri. Simu yako ikiganda, mwanangu, unafanyaje? Unaizima, unaiwasha. Umejua kilichotokea? Hujajua, na hutajua. Mashine hii ina kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Ikiganda, unaweza kulifuata kosa kwa kidole, hatua kwa hatua, mpaka ulikute limejificha. Hapa ndipo nilipojifunza ufundi, na sikujifunza kwa kufaulu.

Neno langu la leo ni moja, nitalirudia mpaka mnichoke: kinacholia sicho kinachoumwa. Daktari hodari ukimwambia mguu unauma, anaanza kukuuliza mgongo.

Nianze na tofali.

Siku ile niliyoiteremsha, nikaifuta vumbi, nikachomeka, nikawasha. Kioo cha buluu, na ule mstari ambao kila aliyewahi kuishika mashine hii anaujua kama jina la mama yake: baiti 38911 ziko huru. Nikapiga ukelele, nyumba nzima ikaja. Nikapakia mchezo. Ukaenda dakika ishirini, ukaganda. Nikasema programu imeharibika. Nikatafuta nakala nyingine, ikaganda. Nakala ya tatu, ikaganda. Wiki mbili, jamani, nagombana na programu! Nikabadilisha diski, nikabadilisha mchezo, nikabadilisha mpaka kiti.

Siku ya kumi na tano nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nikaiwasha bila ya programu yoyote, nikakaa mbele yake na kikombe cha chai, naitazama tu. Robo saa ikapita. Mara, pembeni kulia, kwenye buluu tupu, ikachomoza alama ya mshangao. Moja. Kisha ya pili chini yake. Sijagusa kitufe.

Kwa nini alama ya mshangao? Kwa nini si herufi Z, si nyota? Sikilizeni, hapa pana utamu wake. Penye nafasi tupu kwenye kioo, mashine hii imeweka nambari 32. Alama ya mshangao ni 33. Ziandike nambari hizo kwa sufuri na moja, utaona zimetofautiana biti moja tu, ile ya mwisho kabisa. Na katika bodi za mwanzo za mashine hii, kumbukumbu imegawiwa chipu nane, kila chipu imeshika biti moja ya kila baiti. Mmeona? Zile hazikuwa takataka. Ilikuwa chipu moja katika nane inajitaja jina.

Nikafungua skrubu tatu, nikazigusa chipu moja moja. Saba zilikuwa vuguvugu. Ya nane ilinibabua kidole.

Nikaing'oa, nikachomea soketi, nikaweka mpya. Raha siku tatu. Siku ya nne ikafa chipu nyingine. Hapo sasa nikajiuliza: kinacholia ni kipi, na kinachoumwa ni kipi? Programu ililia, nikailaumu programu. Chipu ikalia, nikailaumu chipu. Nyuma ya chipu kuna nini?

Kuna tofali. Tofali linatakiwa litoe volti 5 za DC na volti 9 za AC. Nikachukua mita: volti 5.1. Nikalisifu. Lakini nilikuwa nimelipima baridi, halijabeba kitu. Nikalifungia taa ya gari iwe mzigo wake, nikaliacha saa nzima. Nikapima tena: volti 5.8! Tofali likipoa linasema uongo. Kila jioni nilipocheza nilikuwa nazichoma chipu polepole, kama anayekaanga vitunguu kwa moto mdogo. Mie sasa mita ikinionyesha zaidi ya 5.25, nachomoa, sibishani nayo. Na lawama ile simpi mtu. Ndani limemiminiwa gundi ngumu lisifunguke, lina miaka yake thelathini na ushei, limezeeka. Fundi mzima nachomeka ukutani kitu cha 1986 bila ya kukipima, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Watu wa kisiwa hiki, tuliokaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha kuuogopa umeme. Lakini tunauogopa unapokatika. Unapozidi, hatuuoni.

Na msidanganyike na hii taa nyekundu. Taa inakula zile volti 5 peke yake. Fyuzi ya ndani, ile ya volti 9, ikikatika, taa itawaka vizuri kabisa na kioo kitakuwa cheusi. Nimeletewa mashine tatu "zilizokufa" namna hiyo. Fyuzi!

Sasa mtu ataniambia, fundi, kwani programu hazina makosa? Zinayo. Binti mmoja wa hapa, siku hizi yuko Marekani, alinunua huko mashine kama hii. Nikampelekea programu inayokwenda vizuri kwangu. Kwake ikaganda palepale ilipoanza. Kapima umeme, sawa. Kabadilisha diski, vilevile. Mimi huku namwambia mashine yako mbovu, yeye kule ananiambia programu yako mbovu. Nani mkweli?

Wote wakweli, wote waongo. Mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa televisheni ya PAL: picha mara 50 kwa sekunde, mistari 312. Za Marekani ni mara 60, na mistari 263. Programu yangu, kabla ya kubadilisha rangi ya kioo, ilikuwa inasubiri mstari wa 300 ufike. Kwenye kioo chenye mistari 263! Ingesubiri mpaka kiama. Hapana kilichoharibika hapo; ndoa tu haikuwa halali. Kwa hiyo mkikuta programu inaganda mahali palepale kila siku, sekunde ileile, shukuni programu. Ikiganda leo hapa kesho pale, shukuni umeme na joto.

Haya, tuje kwa huyu bwana mkubwa, draivu.

Wengi wanadhani draivu ni kisahani cha kuzungusha flopi. Hapana. Ndani yake mna kompyuta nzima: ina chipu yake ya kufikiria, 6502, ina kilobaiti mbili za kumbukumbu yake, ina programu zake. Hivi ni viumbe viwili vinavyozungumza kwa waya mmoja mwembamba, biti baada ya biti, na mazungumzo yao ni ya wazee: baiti mia tatu au mia nne kwa sekunde. Programu ya kilobaiti 38 inachukua dakika moja na nusu au zaidi. Kijana mmoja aliazima seti yangu, akanirudishia siku ya pili: "Fundi, inaganda wakati wa kupakia." Nikamuuliza, uliisubiri muda gani? "Nusu dakika." Haikuganda, bwana. Ilikuwa inasoma.

Na ikikosa kusoma, taa yake inapepesa. Watu wakiona taa inapepesa wanazima. Kosa kubwa hilo! Draivu inapepesa kwa sababu ina jambo la kukwambia na inangoja uulizwe. Uliza. Unaandika programu ya mistari minne: unafungua njia ya 15 ya kifaa nambari 8, unasoma nambari na neno, unavichapisha, unafunga. Lakini mistari hiyo iwe na nambari, iwe programu hasa. Ukiandika papo kwa papo mashine itakukatalia. Na kuna mtego: ukiomba orodha ya diski kabla ya kuhifadhi programu yako, orodha inaingia kwenye kumbukumbu na kuifuta programu. Nimelia kwa hilo zaidi ya mara moja, na nilikuwa mtu mzima.

Draivu itakujibu kwa nambari. 26, diski imezibwa isiandikwe: toa kile kistika ukingoni. Jamaa mmoja aliniletea draivu kutoka Pemba kwa boti, kaibeba mapajani safari nzima, tatizo lilikuwa kistika. 23, hesabu ya data haikulingana, tazama uso wa diski. 21, draivu haioni hata alama ya kuanzia. Hapo ndipo fundi anapotakiwa atulie. Diski moja ikikupa 21 na nyingine zinasomeka, mgonjwa ni diski. Diski zote zikikupa 21, mgonjwa ni draivu, na mara tisa katika kumi, kwa mikono yangu hii, ni uchafu kwenye kichwa cha kusomea.

Uchafu wa nini? Sisi tunaishi baharini. Mkitaka kuona, chukueni flopi ya zamani, izungusheni polepole kwa kidole, mtazame kwenye kile kidirisha chake kirefu. Mtaona madoa ya kijivu, kama ya mkate uliosahauliwa. Kuvu hiyo. Mie niliingiza diski moja yenye kuvu, nikasikia draivu inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nikaitoa. Nikaingiza ya pili, safi kabisa, nayo ikalia. Ya tatu, ikalia. Nilipokuja kuitazama ile ya pili, ina mstari wa mviringo uliokwanguliwa mpaka plastiki inaonekana. Kuvu ya diski ya kwanza iliganda kwenye kichwa, na kichwa kikawa kisu. Diski ngapi zilikwenda siku hiyo? Tano. Ukisikia mlio huo, toa diski, fungua draivu, pamba na spiriti safi, futa kichwa, futa na kile kijisufi kinachokandamiza diski kwa juu. Na diski yenye kuvu unaweza kuichana ganda ukingoni, ukaitoa, ukaiosha kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, ikauke kivulini, uivishe ganda la diski nyingine. Wallahi inasomeka.

Kasi nayo. Diski inatakiwa izunguke mara 300 kwa dakika. Utapimaje? Waliotengeneza walikuwa na akili. Pindua draivu uone gurudumu la mkanda: lina pete mbili za mistari, moja imeandikwa 50, nyingine 60. Unaliangalia likizunguka chini ya taa ya tyubu. Taa hiyo hupepesa kwa mwendo wa umeme, na kasi ikiwa sawa, mistari ya pete ya 50, maana umeme wetu ni wa 50, inasimama kimya kama imechorwa. Ikitambaa, zungusha skrubu ya mota kidogo kidogo mpaka itulie. Nyumbani kwangu nilikuwa nimeshabadilisha taa zote, hizi mpya hazipepesi vizuri, naona supu tu. Ikabidi nibebe draivu mpaka kwa kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye tyubu kuukuu. Wateja wake walidhani nimetumwa kuja kuhesabu umeme.

Na kuhifadhi? Nitapita haraka. Iko amri ya kuhifadhi juu ya faili la zamani kwa kutanguliza alama ya @. Watu walilalamika miaka kuwa inaharibu mafaili mengine, wakajibiwa wanaota, mpaka kosa likaja kuthibitishwa: limo ndani ya programu za draivu yenyewe. Hifadhi kwa jina jipya, kisha futa la zamani. Na diski zako zisiwe na kitambulisho kimoja, kwa sababu draivu huijua diski mpya kwa kitambulisho. Zikifanana, inaweza kuandika ramani ya diski iliyotoka juu ya hii iliyoingia. Basi.

Sasa niwape kisa kilichonileta hapa.

Ami aliacha diski kumi na mbili. Draivu yake ilikuwa inazisoma, kwa taabu, ikigonga. Wanaoijua 1541 wanaujua mlio huo: tra-tra-tra-tra, kama mtoto anayepitisha kijiti kwenye nondo za dirisha. Draivu hii haina kitu cha kuiambia kuwa kichwa kimefika mwanzo. Basi ikipotea, inakirudisha kichwa kwa nguvu mpaka kigonge ukuta, na inagonga na kugonga ili iwe na hakika. Miaka ikienda, kichwa kinahama kwenye njia yake. Nikaijaribu kwa diski za watu wengine, za kununua: haikusoma hata moja. Diski zilizoandikwa na draivu hii zinasomeka, za nje hazisomeki. Ugonjwa gani huo? Kichwa kimehama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua.

Nikalegeza skrubu mbili za mota, nikatumia diski ya kiwandani niliyoiamini, nikakisogeza kichwa unywele kwa unywele mpaka ikasoma njia zote 35 za diski bila ya kosa. Nikakaza. Nikajipongeza. Nikaingiza diski ya kwanza ya ami.

21.

Ya pili, 21. Zote kumi na mbili.

Mmenielewa jamani? Ami aliandika diski zake kwa draivu iliyopotoka. Diski na draivu zilipotoka pamoja, zikasikilizana zenyewe kwa zenyewe. Mie nikaja na ujuzi wangu nikaitengeneza draivu, nikamnyang'anya mtu pekee aliyekuwa akiifahamu lugha yake. Kinacholia sicho kinachoumwa, na safari hii mgonjwa hakuwapo kabisa, nilimtengeneza mie.

Nikailegeza tena. Usiku tatu nilikuwa naipotosha draivu nzima kwa makusudi, diski ya ami inazunguka, bisibisi mkononi, naisogeza kichwa na kusoma, naisogeza na kusoma. Usiku wa tatu, baada ya isha, orodha ikatoka.

Ndani mlikuwa na nini? Mizigo. Kila safari ami aliandika faili la alivyonunua, na cha nani. Cherehani, ya dada. Redio, ya Mzee. Viatu, jozi tatu, na vipimo vya miguu yetu vya mwaka huo. Faili la mwisho, MIZIGO 87, lilikuwa na sufuri mbele yake na nyota pembeni. Nyota ile maana yake halikufungwa: pengine umeme ulikatika, pengine aliitwa kazini. Faili kama hilo usilifute kamwe, utaiharibu diski. Na ukilifungua kwa kawaida draivu itakukatalia. Lakini unaweza kulifungua kwa kuongeza herufi M mwishoni mwa jina, na draivu itakupa kilichopo.

Nikaongeza M. Yakaanza kutoka. Mablanketi mawili, ya mama. Saa ya ukutani, ya msikitini. Kisha jina langu, mkato, na neno lililoanza kwa "kal". Likaishia hapo. Draivu huandika kwa mafungu ya baiti 254, na fungu lisilojaa hubaki kwenye kumbukumbu yake mpaka faili lifungwe. Umeme ukizimwa, linapotea nalo. Nililoliona ni baiti ya 254 ya fungu la mwisho.

Kalamu nilikuwa nazo. Kalkuleta sikupata mpaka nilipofika sekondari.

Ahsanteni. Draivu ipo hapa mezani na diski yenyewe imo ndani; anayetaka kuiona orodha na asogee, lakini tafadhali msiitikise.